Tulivyomwomba Hadija Bila Fimbo Yake

Mwamini, aliyekuwa kipa wetu, aliolewa mwezi uliopita, na siku iliyotangulia ndoa yake niliketi uani kwao, mtaa wa Jabe, nikimenya vitunguu saumu pamoja na wanawake ambao wengine sikuwa nimewaona tangu tulipokuwa wasichana wa shule. Mbele yangu, juu ya kigoda, alikuwa Hadija, akikatakata vitunguu maji kwa mkono wa kushoto. Bibi mmoja aliyekuwa akichagua mchele alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamwuliza kwa upole kama katika maisha yake hakupata mtu wa kumfundisha mkono ulio sahihi. Hadija akamjibu, bila kuinua macho, kwamba walimu aliwapata, tena wengi, na mmoja wao alikuja na filimbi shingoni. Wanne kati yetu tulicheka mpaka sufuria ya maji ikakaribia kumwagika. Bibi hakuelewa, na hatukuwa na njia ya haraka ya kumweleza. Nimeandika ukurasa huu kwa sababu ya kicheko kile. Kazi yangu sasa ni kufundisha somo la uraia katika shule ya sekondari, mbali na Bujumbura, na kila mwaka, wanafunzi wanaponiuliza sheria na adabu zina uhusiano gani, hujikuta nikiukumbuka msimu mmoja wa ligi ya hoki, na chumba kimoja chenye mkeka.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Timu yetu ilichanganya wasichana wa Jabe, wengi wao Waislamu wa familia za zamani za mji, na wasichana wa Cibitoke kama mimi, ambao wazazi wetu walitoka ng'ambo ya mpaka, Kongo, na ambao Jumapili tulikuwa kanisani. Timu za ligi zilikuwa chache na uwanja ulikuwa mmoja, wa changarawe nyekundu, nyuma ya shule moja ya Cibitoke; mvua ikinyesha tulicheza kwenye tope, jua likiwaka tulicheza kwenye vumbi, na magoti yetu yalikuwa na makovu ya majira yote mawili. Kwa kuwa waamuzi hawakuwapo, ligi ilikuwa na desturi yake: timu zisizocheza siku hiyo ndizo zilizotoa waamuzi wa mechi za wenzao. Hivyo kila msichana aliijua dhiki ya kupuliza filimbi mbele ya watu ambao Jumamosi inayofuata wangempulizia yeye. Mimi niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Nilisimamisha mchezo kwa makosa ambayo wengine waliyafumbia macho, na ndiyo maana Mwamini alinipa jina la Katiba. Nilipofika mazoezini alikuwa akiwaambia wengine wasimame wima, Katiba anapita.

Fimbo, ambazo mtaani tuliziita krosi, ndizo zilizotutesa. Tulipewa chache, zimetumika tayari, na nyingine zilikuwa zimepasuka. Baba yake Hadija, fundi seremala ambaye karakana yake ilifunguka barabarani mbele ya nyumba, aliichukua moja, akaigeuza mikononi, akaanza kutuchongea nyingine kwa mbao ngumu alizozichagua mwenyewe. Fimbo ya hoki ina upande mmoja bapa na upande mmoja wa mviringo, na mpira huguswa kwa upande bapa peke yake. Ukiishika mbele yako, ubapa unatazama kushoto. Fundi alizichonga zote hivyo, isipokuwa moja. Binti yake alikuwa akifagia, akiandika na kupasua kuni kwa mkono wa kushoto. Katika nyumba ile walikuwa wamekubaliana zamani kwamba kula na kusalimia ni kwa kulia, mengine ni yake na Mungu wake. Basi fundi akamchongea Hadija fimbo iliyogeuzwa, ubapa wake ukitazama kulia, kama anavyoonekana mtu kwenye kioo. Hakuna aliyeona ajabu. Kiatu hushonwa kwa mguu wa mwenyewe.

Na fimbo ile ilifanya kazi. Mabeki wa timu nyingine walikuwa wamezoea mpira utokee upande mmoja. Kwa Hadija ulitokea upande wa pili, nao waligeuka wakiwa wamechelewa. Alifunga karibu kila Jumamosi. Baada ya mechi tulikwenda naye Jabe, tukapita pembeni mwa soko, ambalo lilikuwa limefurika wachuuzi tangu soko kuu la katikati ya mji liungue, tukaingia sebuleni kwao tukiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Tulipewa chai ya tangawizi, maharage yaliyobaki mchana, na mandazi yenye harufu ya iliki iliyochanganyika na ya maranda ya mbao. Fundi hakuwahi kuja uwanjani. Jumamosi ndiyo siku ambayo wateja wake walikuja. Lakini tulipoingia alinyosha mkono, akaipokea fimbo ya binti yake, akapitisha kidole gumba juu ya alama mpya na kuuliza juu ya kila moja: hii ni ya nini, hii ilipigwa na nani. Hadija alimsimulia mechi nzima kwa kufuata mikwaruzo.

Jioni moja, nikiwa na kikombe mkononi, nilisikia maneno nyuma ya pazia la mlango. Shangazi Zainabu, dada yake fundi, ambaye ndiye aliyeongoza nyumba, alikuwa akisema kwa sauti ya chini kwamba mtoto wa kike anayekimbia mbele ya watu akishika gongo atapewa majina, na majina hayafutiki kwa sabuni. Fundi akasema, kwa sauti ambayo haikutafuta ugomvi: "Ile krosi nimeichonga mi mwenyewe, Zainabu. Penye iko, na mi niko." Mwamini, aliyekuwa kando yangu, aliacha kutafuna. Sote wawili tulielewa kwamba tulikuwa tumeisikia ruhusa yenyewe, na kwamba ruhusa ile haikutolewa kwa Hadija peke yake. Ilitolewa kwake na kwa fimbo yake pamoja.

Msimu ulipokaribia mwisho, sisi na timu ya Rohero tulikuwa juu ya wengine wote, na mechi ya mwisho baina yetu ndiyo ingeamua kombe. Watu wa ligi walitaka mechi hiyo isimamiwe vizuri. Wakamleta Madamu Klodina, mwanamke mrefu, mtulivu, aliyekuwa amerudi kutoka mafunzo ya uamuzi nje ya nchi, na kabla ya mechi akatukusanya wasichana wawili wawili kutoka kila timu katika chumba kimoja cha ofisi mjini Rohero, chenye viti vya plastiki na soda za moto. Tulikwenda Mwamini na mimi. Alieleza mambo mengi ambayo nilikuwa nikiyajua, nami nilikuwa nikitikisa kichwa kwa kiburi, mpaka aliponyanyua fimbo na kusema kwamba katika mchezo huu ubapa huwa kushoto kwa kila mtu, hata kwa mwenye kutumia mkono wa kushoto. Fimbo iliyogeuzwa hairuhusiwi popote, kwa sababu wawili wakiukimbilia mpira mmoja kutoka pande mbili huvunjana vidole. Mwamini alinikanyaga mguu chini ya meza. Hatukutazamana. Mwishoni niliinua mkono, nikaeleza kuhusu fimbo yetu, na Madamu Klodina, baada ya kushauriana na wenzake, akasema yaliyopita yamepita kwa kuwa hakuna aliyejua, lakini Jumamosi fimbo hiyo isionekane uwanjani.

Barabarani Mwamini alinitangulia kwa hatua za haraka. Alama tulizozipata hazikuguswa, basi hasira yake kwangu ilikosa pa kusimama. Alichokiona, kabla yangu, kilikuwa kingine: bila fimbo ile, Hadija angeruhusiwa na nani? Akatengeneza mpango pale pale. Hadija atoke nyumbani na krosi ya baba yake, kama kawaida. Akifika uwanjani achukue nyingine. Jioni arudi na ile ya kwanza. Hakuna mtu angesema uongo, alisema, kwa sababu hakuna mtu angeulizwa.

Nilimwambia kwamba ni uongo hata hivyo. Mwamini akasema kwamba mimi nikifa nitamsomea malaika sheria za kaburi.

Aliyeumaliza ubishi huo ni Hadija mwenyewe, tulipomkuta kwenye ngazi ya karakana akikusanya maranda kwenye gunia. Alisikiliza yote. Alichukua muda kuzoea jambo lenyewe, kwamba mkono wake ulikuwa umekatazwa na mchezo alioupenda. Halafu akauliza: "Na jioni, Baba akitafuta alama kwenye krosi, nitamupatia alama gani? Nipige ukuta?" Kocha wetu, Dezire, alijitolea kwenda kuzungumza, lakini Hadija alikataa kabisa, kwa kuwa mwanaume asiyekuwa ndugu akija nyumbani kuongea habari za binti, Shangazi angepata alichokuwa akikitafuta. Hapo ndipo Mwamini aliposema, kwa mzaha, kwamba basi tumpose. Tulicheka. Kisha kicheko kikaisha na neno likabaki pale kati yetu, kwa sababu lilikuwa na akili. Jambo zito haliingii katika nyumba ya watu kwa mdomo wa mwenye nalo. Lina mshenga wake, lina zawadi yake, lina mlango wake wa kupitia. Mimi, niliyelelewa kuamini kwamba ukweli husemwa tu, mtu akasimama akausema, nilijifunza siku ile kwamba upo pia ukweli unaopelekwa.

Tulikwenda baada ya sala ya alasiri, wasichana wanne, tumevaa vitenge, mimi nikiwa nimeazima changu. Tulibeba sukari, majani ya chai na kashata katika kitambaa safi. Shangazi Zainabu alifungua mlango, akatutazama mmoja mmoja, akauliza ni nani amefariki.

"Hakuna mwenye amekufa, Shangazi," Mwamini akasema. "Tuko na neno ya kuleta kwa baba."

Tuliketishwa mkekani. Fundi aliitwa, akaja akijikung'uta vumbi la mbao kwenye mikono, akaona kitambaa, akaona vitenge, na nadhani alielewa namna ya ziara kabla hajaelewa sababu, kwa maana aliketi wima na uso wake ukawa wa sherehe. Hadija alikuwa nyuma ya pazia, kama desturi ilivyotaka. Tuliviona vidole vya miguu yake.

"Baba," Mwamini akaanza, "tulikuwa tunapita njia. Tukasikia mu nyumba hii iko mutoto mwenye mukono unapita mikono yote ya Bujumbura."

"Watoto ni wengi humu," fundi akajibu. "Huyo munatafuta, kazi yake nini?"

"Anafunga magoli, Baba."

"Anha. Mumechelewa. Huyo amekwisha kuolewa na krosi yake."

Alisema hivyo akitabasamu, akitusubiri tuongeze utani wetu juu ya wake. Hatukuwa nao. Mwamini, ambaye sijawahi kumwona akikosa neno kabla ya siku ile wala baada yake, alitazama mkeka, kisha akanitazama mimi. Nami nikasema, kwa sauti niliyoisikia kama ya mtu mwingine: "Baba, tumekuja kumuomba bila krosi."

Nikaeleza. Nilijitahidi nisiharakishe. Fundi aliomba fimbo, ikaletwa kutoka nyuma ya pazia na mkono bila mtu, akaniambia nisimame na kumwonyesha. Nikasimama katikati ya sebule yao, nikaonyesha ubapa unakotakiwa utazame na jinsi watu wawili wanavyoweza kugongana. Aliniuliza ni nani aliyesema, nikamwambia. Aliniuliza kama wengine wote walikuwa wakijua. Nilimwambia hapana, hata Rohero hawakujua.

"Kwa hiyo nilikosea," akasema.

"Apana, Baba," nikamjibu. "Iko sawa na mukono wake. Ni muchezo ndio hauko sawa naye."

Aliliwaza hilo. "Na wenzake wenye mukono wa kushoto, huko muchezo ulitoka, wanafanya je?"

"Wanajifunza kulia."

Shangazi Zainabu alitoa pumzi kwa pua, pumzi ya mtu aliyengoja miaka kumi na saba. Fundi aliiweka fimbo juu ya magoti yake. Hakuonekana amekasirika, alionekana kama mtu aliyealikwa karamuni kisha akaambiwa mlangoni kwamba jina ni la mwingine. Baada ya muda alisukuma kashata kuelekea kwetu, ili tule, akasema jibu la posa halitoki siku ya kwanza, akainuka akarudi kazini. Tulikunywa chai. Upande wa karakana hatukusikia msumeno wala randa.

Wiki ile ilikwenda polepole. Hadija alifanya mazoezi na fimbo ya kawaida bila kujua kama Jumamosi angeruhusiwa kutoka nyumbani. Mpira ulimpita, ulimrukia mguuni, ulikwenda mahali ambapo hapakuwa na mtu. Mabega yake yalitaka kugeuka upande mmoja na fimbo upande mwingine, na mara mbili nilimwona amesimama akiitazama mikono yake kana kwamba ni ya kuazima. Kocha Dezire alimtoa mbele akamweka nyuma, karibu na Mwamini, ambaye alimpigia mipira ya taratibu kama anayemchezesha mtoto, akimtukana kwa upendo kila ilipompita. Hakuna aliyesema kombe. Nilifikiri sana siku zile kama ningefanya vizuri zaidi kukaa kimya katika kile chumba cha Rohero, na kila mara nilifika mahali pale pale: kwamba kama ningenyamaza, angeumizwa vidole msichana fulani nisiyemjua jina, au Hadija angetolewa nje mbele ya watu. Bado ninaamini hivyo. Lakini imani hiyo haikumfungulia Hadija mlango wa nyumba yao. Mtu mmoja tu ndiye angeweza.

Jibu lilikuja Ijumaa, uwanjani Cibitoke, likiletwa na Shangazi Zainabu mwenyewe, amejifunga mtandio, kikapu cha mboga za lengalenga mkononi, akikanyaga changarawe kama mtu anayevuka mto. Mazoezi yalisimama. Aliuliza mshenga yuko wapi. Mwamini akajitokeza akiwa amevaa vikinga-miguu vyake vikubwa vya kipa, akitembea kwa miguu iliyotengana, na wote wawili wakasimama wakitazamana kwa heshima kamili.

"Baba yake anasema krosi itabaki nyumbani," Shangazi akasema. "Na anasema, penye krosi haiko, atasimama mwenyewe."

Kisha, kwa niaba yake binafsi, aliongeza kwamba tuvae suruali ndefu. Akageuka akaenda zake.

Nilipomkumbusha Hadija maneno hayo pale uani, siku moja kabla ya ndoa ya Mwamini, kisu chake kilisimama juu ya kitunguu. Baba yake alifariki miaka michache iliyopita. Aliniambia jambo ambalo sikulijua: kwamba katika wiki ile nzima fundi hakumsemesha neno lolote juu ya mchezo, wala jema wala baya, ila Alhamisi alimtuma apeleke kwa dobi kanzu yake nyeupe, ile ya Idi, naye Hadija aliibeba bila kuthubutu kuuliza ni ya nini.

Jumamosi karakana ya Jabe ilifungwa. Fundi alifika uwanjani mapema kuliko sisi, katika kanzu ile na kofia, akasimama ndani ya mstari, kwa kuwa hakujua mstari ni nini. Wazazi wa Rohero walikuwa wamekuja na viti vyao. Madamu Klodina alimwendea akamwomba arudi nyuma kidogo. Alirudi hatua moja, akashukuru, akabaki hapo. Mechi ilipoanza niligundua kwamba hatazami mpira. Mpira ulikwenda golini kwa Rohero, watu wote wakageuza vichwa, yeye kichwa chake kilibaki upande wetu, kwa mtoto wake aliyesimama nyuma na fimbo ya watu wote.

Hadija alicheza vibaya, na afadhali niseme hivyo. Kapteni wa Rohero, ambaye msimu mzima alikuwa akiteswa naye, alimpita mara ya kwanza kwa mshangao, mara ya pili kwa raha. Mara ya tatu alimwuliza akikimbia: "Sha, leo mukono wako uko wapi?"

"Niko na mwingine," Hadija akamjibu.

Goli lao lilitoka upande wake. Tulikaribia kusawazisha, tukakosa. Mwamini aliokoa mipira ambayo hata leo anaisimulia ikiwa imezidi idadi. Na karibu na mwisho kapteni yule alikuja tena, mpira uko mbele yake, na Hadija hakurudi nyuma. Aliinama, akaishusha fimbo mpaka ardhini, mkono wa kushoto juu na wa kulia chini kama wengine wote, na mpira ukasimama. Ukasimama tu, kwenye ubapa, kama kitu kilichowekwa. Alionekana kushangaa zaidi ya kapteni. Akaupiga mbali, haukufika kwa yeyote wa kwetu, na muda si mrefu filimbi ya mwisho ikalia.

Wasichana wa Rohero walikimbilia katikati. Niliondoka uwanjani nikiwa na uchungu wa kushindwa, ambao kwa umri ule ni uchungu halisi, nikapita karibu na fundi, na kwa adabu nikasimama ili nimsalimie. Aliniitikia. Bado alikuwa akitazama mbele.

"Basi," akasema, "nani ameshinda?"

"Rohero, Baba."

"Haya," akasema. Akainua kanzu kidogo kwa sababu ya vumbi, akavuka mstari, akapita katikati ya wasichana waliokuwa wakirukaruka na kombe, akiwaomba radhi mmoja mmoja, mpaka akafika kwa mtoto wake.